Mchumba wa Tanuri la Tatu na Mwisho Wake Uliokosekana

Risala ya Chama cha Filamu cha Wafanyakazi wa Kiwanda cha Vioo cha Skelná Lhotka, siku ya kuwashwa kwa tanuri jipya, Septemba 1973

Mgeni rasmi, Ndugu Radomír Vaněček, Naibu Mkurugenzi wa Viwanda vya Vioo mkoani;
Ndugu Meneja wa kiwanda chetu;
Ndugu wafanyakazi wa tanuri, wa nakshi, wa kufungasha na wa jikoni;
Wastaafu mliokuja na vigoda vyenu kwa kutotuamini;

MAKARIBISHO

Kwanza kabisa tunakushukuru kwa kukubali kuja. Pili, tunakushukuru kwa kumaliza sahani ya pili ya nguruwe na kabichi chachu bila kubembelezwa, maana wapishi walikuwa wamejipanga nyuma ya pazia wanakuhesabia matonge. Waliohofia kwamba cheo kimekuharibia tumbo sasa wametulia.

Tungeweza kukukaribisha kama mgeni kweli, lakini nani angetuamini? Wewe ni mtoto wa hapa. Ulipuliza vioo kwenye tanuri la tatu, uliimba vibaya zamu nzima, na mama yako alikuwa akikutumia soksi kwa mkono wetu. Tena kuna jambo lingine ambalo wageni uliofuatana nao kutoka mkoani pengine hawalijui. Wewe ndiye Vojta.

Vojta, ndugu wageni, ni kijana mpuliza vioo katika filamu yetu iitwayo "Mchumba wa Tanuri la Tatu". Filamu hiyo tuliianza miaka mitano iliyopita, na mpaka leo haijaisha kwa sababu Vojta alisafiri. Tunalisema mapema, mgeni rasmi, usije ukakaa hapo ukijiuliza risala hii inaelekea wapi. Inaelekea huko huko.

Anayesoma ni mimi, Drahomíra Šimková wa idara ya kufungasha, katibu wa chama. Nimechaguliwa kwa sababu sauti yangu inasikika hata mashine zikiwa zimewashwa, na kwa sababu wengine wote waliogopa.

HISTORIA YA CHAMA

Chama chetu kilianzishwa mwaka 1959 na Ndugu Otakar Hlaváč, fundi wa tanuri, baada ya kununua kamera ndogo ya milimita nane kwa daktari wa meno aliyechoka kumpiga picha mbwa wake. Kamera hiyo haijui umeme. Inajazwa kwa ufunguo kama saa ya mezani, na ikiishiwa nguvu inasimama papo hapo, hata kama bwana harusi amekwisha fumba macho na kunyoosha midomo. Filamu ya kwanza ya Ndugu Otakar ilimwonyesha mkewe akimenya viazi mwanzo hadi mwisho wa mkanda. Watu walijaa ukumbini kuitazama, wakaomba irudiwe.

Kwa faida ya wageni, mkanda wetu hupita kwenye kamera mara mbili. Unapiga upande mmoja mpaka uishe, unajifunika blanketi zito, unaugeuza kwa kupapasa, kisha unapiga upande wa pili. Ukishasafishwa unachanwa katikati kwa urefu, vipande vinaungwa, na umepata filamu mbili kwa bei ya moja. Ni mpango wa watu wasio na kitu, nasi tunaupenda sana.

Meneja wa wakati huo alitupatia chumba cha zamani cha kufulia. Kamba za nguo zilikuwapo tayari, tukaanikia mikanda. Dawa ya kusafishia tunaichanganya wenyewe kwenye ndoo ya buluu, ambayo jikoni waliiazima mara moja tu na hawataiazima tena. Mikanda yenyewe tunauziwa na duka la mjini ikiwa imepitwa na tarehe, kwa bei ya huruma. Ikitoka na ukungu, tunasema hapo ilikuwa asubuhi. Tukitaka kamera itembee, Otakar anapanda kwenye kigari cha mtoto naye anasukumwa, magoti yamefika masikioni. Akina mama wa mtaa wa juu wamezoea kuuliza leo kigari kina mtoto au kina mzee.

Kwa kuwa mkanda ni ghali, mazoezi yote tunayafanya kwa kamera tupu. Otakar anaijaza ufunguo, inalia kama kawaida, na hasemi kama ndani kuna mkanda au hakuna. Anadai kwamba mtu akijua anapigwa picha kweli, hutoa uso wa kitambulisho. Hata mkewe hakuwahi kujua ni kiazi kipi kilichoingia kwenye historia.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, mafanikio ni mengi na tunajivunia. Tumepiga filamu ya kuwahimiza wafanyakazi wasitembee peku penye vigae vya vioo, nayo ilipata cheti mkoani. Tumepiga harusi za kiwanda, misiba ya kiwanda, mafuriko ya mto na siku ambayo bata mzinga wa Ndugu Meneja aliingia idara ya nakshi. Filamu hii ya mwisho haionyeshwi hadharani mpaka atakapostaafu.

Lakini kubwa kuliko zote ni hii ya "Mchumba". Hadithi aliitunga Otakar mwenyewe, akiwa amesimama mbele ya tanuri, na alitusimulia wakati wa mapumziko tukaacha mkate ukauke mkononi. Vojta anampenda msichana mchonga nakshi. Anamuaga, anakwenda mji mkuu kutafuta makubwa, anaahidi kurudi. Msichana anangoja. Anamkataa tarishi, anamkataa mwenye bucha, anamkataa mjane mwenye pikipiki, jambo ambalo wanawake wengi hapa waliliona ni kosa. Halafu siku moja Vojta anaingia kwa geti la kiwanda. Basi. Kilichobaki ni hilo geti.

Msichana ni Ndugu Květa Jirásková wa idara ya nakshi, unayemkumbuka. Unakumbuka pia mkanda wake wa gauni la harusi. Kwa wasiojua: tulimpiga picha Květa akijaribu gauni mbele ya kioo, akizunguka na kucheka, upande wa kwanza na upande wa pili. Kesho yake mtu mmoja alitoka chini ya blanketi kifua mbele akatangaza kwamba mkanda ameugeuza, uko tayari kwa gwaride la zimamoto. Kumbe Otakar alikwisha kuugeuza siku iliyotangulia na pande zote mbili zilikuwa zimejaa. Gwaride lote likaingia juu ya bibi harusi. Tulipousafisha tukamwona Květa anazunguka na shela lake, na kikosi kizima cha zimamoto kinapita katikati ya kifua chake na ngoma, mkuu wao mnene akiingia sikio hili na kutokea lile.

Otakar alitazama mpaka mwisho, mikono mfukoni. Kisha akasema, "Acheni hivyo hivyo. Hiyo ndiyo ndoto yake."

Nayo imebaki. Ndicho kipande ambacho watu hukililia kwa kicheko na wengine kwa machozi ya kweli. Mtu aliyekuwa chini ya blanketi hatumtaji jina. Ameketi meza kuu na sasa hivi anafuta miwani.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, picha za Vojta kuondoka tulizipiga siku ya Jumamosi. Treni lilikuwa la kweli, na kwa kuwa halikuwa na habari na filamu yetu liliondoka nawe. Ulishuka kituo cha mbele ukarudi kwa miguu na sanduku tupu, ukicheka njia nzima. Wiki haikuisha, ukateuliwa kwenda mkoani, ukapanda treni lile lile na sanduku safari hii limejaa. Kituoni ulimshika Otakar bega ukamwambia, "Mzee, Jumapili ijayo nakuja tunamaliza."

Tunazielewa kazi za mkoa. Hatusemi kitu. Ila ujue kwamba hapa kiwandani Jumapili ya Radomír imekuwa tarehe kamili. Fundi bomba akiahidi kuja, tunamuuliza ni Jumapili ya kalenda au ya Radomír. Watoto waliozaliwa ulipoondoka wanaitumia bila kujua Radomír ni nani. Leo wamekuona, na wameshangaa kwamba upo.

Si kwamba tulikaa bure. Tulijaribu kumtumia shemeji yako, tukimpiga kwa mgongo tu, lakini shemeji yako anatembea kama anayetafuta kitu kilichoanguka, na kila aliyeona alisema huyo si Vojta, huyo ni shemeji. Tulikata picha yako kwenye gazeti, ukiwa unafungua daraja, tukaibandika kwenye ubao tukaisogeza polepole getini. Wastaafu walicheka mpaka mmoja akatolewa nje apate hewa.

Mwishowe mwanachama mmoja akashauri Vojta afe. Afe mbali, kwa heshima, kwa homa. Msichana apate habari, alie, filamu iishe. Ilionekana kuwa njia nafuu, maana homa haihitaji mkanda mwingi. Aliyekataa ni Květa. Alisimama akasema, "Mimi siwezi kumlilia mtu ambaye juzi nimemwona gazetini anakata utepe. Machozi hayatatoka. Na yakitoka yatakuwa ya hasira." Hoja ikafa badala ya Vojta.

Sasa mambo matatu yametukaba kwa pamoja. La kwanza, Květa ni mjamzito, na mimba imekua. Kwenye hadithi ni msichana anayengoja, kwa hiyo tunampiga picha nyuma ya meza, nyuma ya mlango, nyuma ya mti, na hivi karibuni itabidi tutafute mti mnene zaidi. La pili, mkanda wa aina yetu dukani umekwisha na hawaagizi tena. Tumebakiwa na nusu ya mwisho, upande mmoja tu. Tumehakikisha, tena tumeweka alama ya gundi ili mtu yeyote, hata mwenye cheo, asiugeuze.

La tatu ndilo linalotuuma. Ndugu Otakar anastaafu mwisho wa mwezi huu, anahamia mbali, huko Moravia, kwa binti yake. Kamera inakwenda naye, ni yake. Huyu mzee amepiga picha harusi zetu na hakukosa hata moja. Amewapiga picha wazazi wetu wakiwa hai, na leo tukitaka kuwaona wakitembea tunakwenda kwake. Lakini katika miaka yote hii, mgeni rasmi, chama hiki hakijawahi kuandika neno MWISHO kwenye filamu yoyote. Ya viazi, ya mafuriko, ya vigae, zote huisha pale mkanda unapoishia. Hii ndiyo hadithi pekee aliyoitunga maishani mwake, na anaondoka nayo ikiwa haina miguu.

Tulikwenda kumuuliza anataka zawadi gani ya kumuagia. Tulikuwa tumekwisha kuchagua saa ya mkononi, nzuri, yenye kamba ya ngozi. Alikuwa anafuta kamera kwa kitambaa cha shati lake, wala hakutuangalia. Akasema, "Saa ninayo. Nipeni mwisho."

Tulitoka pale. Mimi nililia nikiwa kwenye ngazi, na sioni aibu kusema.

MAOMBI

Ofisi ilituelekeza tuombe vitu vitatu: jiko la kupasha moto chumba chetu, bomba la maji, na bati la kuziba paa. Maombi hayo yalikuwa mazuri, yamepigwa chapa, na nakala anayo Ndugu Meneja. Jana tulikutana tukayafuta yote. Mwanachama mmoja alinung'unika kwamba majira ya baridi yanakuja na vidole vyake anavipenda. Akaelezwa kwamba mkubwa akiombwa vitu vinne, hivyo vitatu na hili la leo, hutoa kile rahisi, na kile rahisi ni bati. Alipiga kura pamoja nasi akiwa amenuna.

Kwa hiyo tuna ombi moja. Ndugu Meneja anatafuta ukurasa huu kwenye nakala yake. Asisumbuke, haumo.

Mgeni rasmi, ratiba inasema kwamba baada ya risala hii utatoka ukumbini, utapita uani, utaingia kwa geti la chini kwenda kwenye tanuri jipya kukata utepe. Ndugu Otakar yuko getini tangu mlipoanza kula. Tulimwambia kwamba kiwanda kinataka kumbukumbu ya mgeni rasmi akiingia, atie ule mkanda wa mwisho. Aliwaka. Alisema nusu ya mwisho ya mkanda duniani inapotezwa kwa mkasi na utepe, na kwamba sisi ni wafungasha chupa tusio na haya. Lakini alikwenda, kwa kuwa hajawahi kukataa kazi ya kiwanda. Yupo pale, jua liko nyuma yake, amenuna vilivyo, na hajui lolote. Madirisha ya ukumbi huu tumeyafunga ili asisikie, ndiyo maana mnatoka jasho, mtuwie radhi.

Tunachokuomba ni kwamba asimpige picha naibu mkurugenzi. Ampige Vojta.

Kwenye kiti kilicho kushoto kwako kuna koti lako la filamu. Wanawake wa idara ya jikoni wamelitanua mgongoni, na hakuna atakayeuliza kwa nini. Kwenye kijaluba kuna masharubu, maana yako uliyanyoa huko ulikokwenda. Haya ni ya mkia wa farasi na yamepimwa kwa picha ya zamani. Gundi ni ya kufungashia, inashika, tumeijaribu kwa Ndugu mwenye vidole na bado hajafanikiwa kuyatoa. Ndiye yule wa safu ya tatu anayejifunika mdomo kwa kofia.

Květa amekwisha kusimama ndani ya geti, ameshika kreti la glasi mbele ya tumbo. Ni kreti tupu, usiogope. Ukiingia, usimtazame Otakar, wala usiitazame kamera. Mtazame Květa, umsogelee, umpokee kreti. Yeye baada ya hapo atakufanyia jambo, na jambo gani hatulijui. Amekataa katakata kutuambia. Anasema amengoja miaka mitano, basi uamuzi ni wake. Wengine wamesema kofi, wengine wamesema busu. Mume wake, aliyepo hapa, ametamka rasmi kwamba kofi anaruhusu.

Hakuna kurudia. Ukijikwaa, Vojta alijikwaa. Ukicheka, Vojta alicheka. Ufunguo wa kamera ukijazwa unatosha kukutoa kwenye nguzo ya geti mpaka kwa Květa kwa mwendo wa mtu mwenye hamu, ila hautoshi kwa mwendo wa mkutano, kwa hiyo tafadhali weka makabrasha chini.

Mgeni rasmi, tunaona umefungua mdomo. Unaweza kutuambia kwamba ratiba hairuhusu, kwamba utepe unasubiri, kwamba kiti chako mkoani hakikaliwi na masharubu ya farasi. Tutasikiliza kila neno. Hata uani endelea kutuambia, hata ukishapita geti. Kamera ya Otakar haichukui sauti. Atakayeitazama filamu ataona mwanamume aliyekawia anaingia kwa haraka, midomo inakwenda, mikono inakwenda, na kila mwanamke aliyewahi kungoja atajua mwenyewe ni maneno gani hayo. Na yule mzee aliyenuna ataweka jicho kwenye tundu la kamera akitafuta mkasi na utepe, aone Vojta wake anarudi nyumbani. Kwa hiyo kama ni kukataa, mwanetu, kataa. Ila kataa huku unatembea.

Tunakuombea afya na wazazi wako maisha marefu. Tanuri jipya lipate moto mwema usiopasua kioo, mtoto wa Květa azaliwe salama, na miguu yako isiteleze pale kwenye changarawe.

Ni sisi wako, tuliokuwekea Jumapili,

Chama cha Filamu cha Wafanyakazi,
Kiwanda cha Vioo, Skelná Lhotka